Kumi Mara Tatu

"Hebu hesabu tena," Inspekta alisema. "Kama ulivyomsikia siku ile, kwa mwendo uleule."

Mlinzi wa lango alisafisha koo. Alikuwa mzee mnene, mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tairi ili betri zisidondoke, na asubuhi hiyo alikwisha kuhesabu mara tatu.

"Afande, leo usiku nitaota namba," alisema, lakini akaanza. Alijipiga goti kwa kiganja kila alipotaja namba. Moja mpaka kumi alikwenda vizuri. Kisha akafika kwenye mlima. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu." Kiganja kilianza kungoja neno limalizike ndipo kishuke. Alipofika ishirini na saba alikuwa akivuta pumzi katikati ya namba. Thelathini ilipotoka, Inspekta alitazama saa yake. Sekunde ishirini na sita.

Wenzake kituoni walimwita Tarehe. Swali lake la kwanza kwa mtu yeyote, awe mwizi wa kuku au mheshimiwa, lilikuwa "tarehe ngapi?", na asipojibiwa aliliuliza tena kwa upole uleule mpaka mtu akachoka kudanganya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye daftari la jalada gumu na subira ya kuudhi.

Mbele yao palikuwa na shimo la machimbo ya kokoto lililoachwa siku nyingi, likajaa maji ya chemchemi. Kingo zake zilikatwa wima na mashine, maji yake ya kijani yalionekana mpaka chini, na chuo cha uzamiaji kilikuwa kimejenga gati la mbao upande wa lango. Hapo ndipo, siku kumi na moja zilizopita, alipofia fundi wa kuchomelea vyuma.

Alikuja kusomea uokoaji pamoja na mdogo wake, wakapangwa jozi moja. Walikuwa katika wiki ya kwanza, wanafanya zoezi la kupokezana hewa kwenye kina cha mita nne. Kaka mtu alimeza maji wakati wa kubadilisha mdomo wa kupumulia. Mdogo mtu akampandisha, akamvuta mpaka kwenye gati, akaanza kumkandamiza kifua. Kocha alikuwa ukingo wa pili na jozi nyingine, akachukua dakika sita kuzunguka. Mitungi na mipira ya hewa ya ndugu hao ilipimwa, haikuwa na dosari. Zilizobaki ni zile dakika sita, na shahidi wake alikuwa mzee huyu mwenye redio.

"Alipomtoa majini alianzia wapi?" Inspekta aliuliza. "Mdomoni au kifuani?"

"Kifuani moja kwa moja. Analia huku anahesabu. Mdomoni alikwenda baadaye."

"Na kocha alipofika?"

"Alimsukuma kando, akashika yeye." Mlinzi alitikisa kichwa. "Huyo naye, Mungu anisamehe, alinishangaza. Mtu mzima, vyeti vimejaa ukutani, hajui kuhesabu kupita kumi! Moja mpaka kumi, tena moja mpaka kumi, tena moja mpaka kumi. Nikasema moyoni, ndio hawa tunaowakabidhi watoto wa watu."

Inspekta hakucheka. Aliandika mstari mmoja na kuupigia mstari mwingine chini yake.

"Marehemu ulikuwa unamfahamu?"

"Sana. Alikuwa anakuja peke yake kabla mdogo wake hajafika. Anakaa pale kwenye gati, viatu mkononi, anaangalia maji. Namuuliza, fundi, huingii? Anasema, namngoja mwenzangu, yuko njiani." Mzee alizima redio, ingawa ilikuwa ikinong'ona tu. "Nikadhani njiani ni barabarani pale. Kumbe ni ng'ambo. Alikuwa anamngoja mtu aliyeko ng'ambo."

"Tarehe ngapi hizo?"

"Afande, mimi nafungua lango. Tarehe nawaachia wenye kalenda."

Simu ya mkuu wa kituo ilimkuta Inspekta akiwa bado hajafika kwenye gari.

"Nesi tutamfikisha mahakamani leo saa tisa," mkuu alisema. "Sitaki kusikia tena habari ya mitungi."

"Naomba mpaka saa tisa hiyohiyo, afande."

"Unachongoja ni nini? Cheti cha mdogo wa marehemu kina saini ya nesi na muhuri wake. Barua ya siri imesema anagawa vyeti kama pipi. Lisemwalo lipo, Tarehe, na kama halipo laja."

Kisa kizima kilisimama juu ya cheti hicho. Kanuni za chuo zilikuwa wazi: haingii darasa la uokoaji mtu asiye na cheti cha huduma ya kwanza na kuhuisha moyo, kisichozidi miezi ishirini na minne. Kocha hampimi mwanafunzi upya, anapokea karatasi na kuiweka kwenye faili. Aliyekuwa akitoa karatasi hizo mjini pale alikuwa nesi mmoja tu. Kama aliweka saini bila kufundisha, basi alikuwa amempa mtu asiyejua kitu uhai wa mwenzake aushike mkononi, na mwenzake huyo amekufa.

*

Nesi alikuwa ameketi katika chumba cha mahojiano tangu jana yake, mgongo wima, viatu vyeupe vimepangwa sambamba chini ya kiti. Alikuwa mama wa makamo, mikono yake minene mno kwa mwili wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia ni saa tisa."

"Bado hatujafika saa tisa."

"Nikisomewa shitaka tu, leseni inasimamishwa. Hawangoji hukumu." Alisema bila kupandisha sauti. "Miaka ishirini na saba. Unajua leo asubuhi nimekumbuka nini? Ile harufu ya sabuni ya wodini. Miaka yote hiyo naichukia, leo nimeitamani mpaka machozi yamenitoka. Nataka kurudi wodini kwangu, basi."

Inspekta alichukua mto wa kiti kilichokuwa kando, akauweka mezani.

"Nifundishe," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi ni mwanafunzi wako, nimelipia, nimechelewa, na sijui kitu."

Nesi alimtazama kama anayemtafuta kichaa ndani yake, kisha akasimama. Mara tu mikono yake ilipogusa ule mto, ule uzee wa usiku mmoja ulimtoka. Alifunga vidole, akanyoosha viwiko, akaanza kukandamiza. "Moja mbili tatu nne tano sita saba nane tisa kumi. Moja mbili tatu nne..." Mara tatu, bila kuchelewa hata kidogo. Sekunde kumi na saba.

"Kwa nini hukuendelea na kumi na moja?"

"Kwa sababu lugha yetu tamu lakini ndefu. Ukishasema 'ishirini na saba' mikono inangoja mdomo, na mgonjwa anawangoja wote wawili. Niliona wanafunzi wangu wote wanaanza vizuri, wakifika kumi na moja wanakuwa kama wanapanda ngazi. Nikasema basi, kwangu hakuna kumi na moja. Kwangu ni kumi mara tatu. Atakayetamka kumi na moja darasani anaanza upya."

"Na aliyetoka majini?"

"Huyo ana njaa ya hewa. Anapewa pumzi tano kwanza, ndipo kifua. Hilo nalisema mpaka wananichoka."

"Mtu aliyepita kwako anaweza kusahau? Kaka yake amelala pale, hofu imemjaa?"

"Hofu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye alichozoezwa. Atasahau jina la mama yake, lakini mikono itakumbuka."

"Basi yule kijana hakupita kwako," Inspekta alisema. "Alihesabu mpaka thelathini, na alianzia kifuani."

Nesi aliketi taratibu. Alionekana kama mtu aliyesomewa hukumu, maana maneno hayo yalikuwa yakimkaba yeye mwenyewe.

"Karatasi yake ya mtihani niliisahihisha kwa mkono wangu," alisema. "Alipata tisini na nne. Sikumpa cheti cha bure, mwanangu. Naapa. Lakini ukisema hivyo, hata mimi nitaanza kujitilia shaka."

Inspekta alitoa picha ya marehemu kwenye daftari na kuisukuma mbele.

Uso wa nesi ulilegea kidogo. "Fundi. Pole yake. Huyu alikuja Jumamosi mbili mfululizo. Ile ya pili nikamtania, fundi, umerudi? Akasema, nesi, bado sijashiba. Wako wengi wanaorudia, wanaogopa mtihani. Nikafurahi, nikamweka mbele awaonyeshe wenzake."

"Tarehe ngapi?"

"Saba na kumi na nne."

Orodha za mahudhurio zilikuwa ndani ya faili. Inspekta alizitandaza. Katika orodha ya tarehe saba, jina la fundi lilikuwa la tano. Katika orodha ya tarehe kumi na nne kulikuwa na majina thelathini na mawili, na nesi aliyapitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina la fundi halikuwepo. La mdogo wake lilikuwa la kumi na tisa.

Karatasi mbili za mtihani zilimaliza kazi. Jina moja la kaka, jingine la mdogo, lakini herufi ya k ilikuwa na mguu mrefu unaoanguka chini ya mstari katika zote mbili, na zote mbili zilikuwa na alama ya kidole cheusi pembeni, kidole cha mtu anayeshinda na vyuma. Ya kwanza ilipata themanini na nane. Ya pili, tisini na nne. Mwanamume yule alikuwa amesoma zaidi kwa ajili ya mwenzake kuliko alivyosoma kwa ajili yake mwenyewe.

"Nilisaini karatasi," nesi alisema polepole. "Sikuangalia uso."

"Hilo utalijibu, mama. Lakini halifanani na kuuza cheti."

"Na huyo kijana? Alimtuma kaka yake amfanyie mtihani?"

Hivyo ndivyo Inspekta alivyodhani pia. Alimwona mtu mvivu aliyezoea kubebwa tangu utoto, akimbembeleza kaka yake mwenye moyo laini. Ilikuwa saa sita na nusu. Alichukua ufunguo wa gari.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na geti alilolichomelea mwenyewe, maua ya chuma kila pembe, moja bado halijapakwa rangi. Mjane ndiye aliyefungua. Alikuwa amevaa shati la mumewe la kazini juu ya gauni, mikono imekunjwa.

"Karibu," alisema. "Utanisamehe, kila gari likipita na vyuma nyuma natoka kuangalia. Akili inajua, miguu haitaki kujua."

"Pole, mama."

"Nimekwisha poa. Nasubiri mwili nao ukubali."

Mdogo mtu alikuwa sebuleni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mikono yake ameiweka juu ya magoti kama mzigo wa mtu mwingine aliopewa ashike. Aliinuka kumsalimia Inspekta, akabaki amesimama.

Inspekta hakuzunguka. "Darasa la huduma ya kwanza ulilihudhuria tarehe ngapi?"

"Imeandikwa kwenye cheti."

"Nakuuliza wewe, sio cheti."

"Kumi na nne."

"Lilikuwa darasa gani? Lenye madirisha makubwa au lile la nyuma?"

Alifikiri kidogo. "Lile la nyuma."

"Hakuna la nyuma. Ni ukumbi mmoja." Inspekta alinyoosha mkono. "Naomba pasipoti yako."

Aliiangalia milango miwili ya sebule, wa nje na wa ndani, akachagua wa ndani. Alirudi na pasipoti, akaitoa mwenyewe. Inspekta aligeuza kurasa mpaka kwenye muhuri wa mwisho wa kuingia nchini, akausoma mara mbili. Tarehe kumi na tisa ya mwezi uleule, siku tano baada ya mtihani.

Hapo mvivu aliyembuni njiani alimponyoka. Mtu huyu hakumtuma yeyote. Siku kaka yake alipokuwa amepiga magoti ukumbini, anahesabu kwa niaba yake, yeye alikuwa bado ng'ambo.

Inspekta alitoka barazani na kumpigia mkuu. Saa yake ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

"Mwachie nesi," alisema.

"Nani kasema?"

"Muhuri wa uwanja wa ndege, afande. Mtihani aliufanya marehemu mwenyewe kwa jina la mdogo wake. Nesi alihadaiwa kama kocha alivyohadaiwa. Karatasi zote ziko nami."

Mkuu akaguna mguno wa mtu anayetafuta namna ya kusema alilijua hilo tangu mwanzo. "Mwambie huyo kijana aje kutoa maelezo," alisema.

Aliporudi ndani, mjane alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, ameshika pasipoti wazi.

"Mimi aliniambia anarudia darasa," mjane alisema. "Nikampigia pasi shati. Nikamwambia, mume wangu, unasoma kama unataka udaktari."

"Cheti nilikikuta kitandani," mdogo mtu alisema. "Siku niliyofika. Alikuwa amenitengenezea chumba, amechomelea kitanda, ametandika shuka mpya. Juu ya mto kuna bahasha. Ndani kuna cheti chenye jina langu na fomu ya darasa la uokoaji, nafasi mbili, zimeshahifadhiwa. Kikosi cha uokoaji cha bandari kilikuwa kinaajiri jozi. Akaniambia, darasa jingine la nesi lingekuwa baada ya miezi miwili, na wewe miezi miwili huwezi kukaa bila kazi, utarudi ulikotoka." Aliitazama pasipoti mkononi mwa shemeji yake. "Miaka tisa alikuwa ananiomba nirudi. Sikuwahi kumpa jibu. Akaona anitangulie, anifungie kila mlango wa kuondokea."

"Ulijua si halali."

"Nilijua. Nilicheka. Nilimwambia, kaka, umezeeka vibaya."

"Nesi alilala kituoni jana kwa ajili ya cheti hicho."

Aliinua macho. Mshtuko wake ulikuwa wa kweli, Inspekta alikwisha kuona ya uongo ya kutosha. "Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niseme nini? Kwamba kaka yangu alidanganya? Amekufa mikononi mwangu, kisha nimpake matope?" Akakaa. "Andika kwamba mimi ndiye niliyekitumia. Andika hivyo. Yeye alitaka tu nisiondoke."

Inspekta aliandika. Aliandika yote mawili, lile alilofanya aliyekufa na lile alilofanya aliye hai, maana kalamu haichagui. Mjane alikuwa anamtazama shemeji yake bila kupepesa, na swali lilikuwa limejengeka usoni mwake muda mrefu kabla halijatoka.

"Angepona?" aliuliza. "Kama ungejua, angepona?"

"Sijui, shemeji."

"Afande?"

"Daktari ameandika kwamba nafasi ilikuwepo," Inspekta alisema. "Hakuandika zaidi ya hapo, na mimi sitaongeza."

Mjane alilipokea hilo kwa kuinamisha kichwa. Alikunja mikono ya lile shati mara moja zaidi.

"Lakini yeye alijua," alisema. "Alifaulu mara mbili. Kwa nini hakukufundisha?"

"Alitaka kunifundisha." Mdogo mtu alianza kulia sasa, bila kujificha. "Toka siku ya kwanza. Kila jioni alikuwa anatoa mto wa kochi anauweka hapa chini, anasema, njoo, ni dakika kumi tu, njoo nikuonyeshe. Nami namwambia kesho. Wiki tatu, shemeji. Kila jioni kesho."

"Jioni zote zile mlikuwa mnakaa barazani mpaka chakula kinapoa. Nawaita, hamji. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunazungumza. Tulikuwa na miaka tisa ya kuzungumza. Mto unakaa pale chini, tunazungumza, na yeye mwenyewe anasahau. Hata yeye alikuwa anasema, haya basi, kesho."

Inspekta alifunga daftari. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kumsimamisha, kumtoa, kumpeleka akatoe maelezo kabla mkuu hajabadilisha mawazo. Alikwisha kushika ufunguo.

Mjane aliteremka kutoka kwenye mkono wa kochi, akaketi sakafuni karibu na miguu ya shemeji yake.

"Mlikuwa mnazungumza nini?" aliuliza. "Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nasikia anacheka tu."

Mdogo mtu alimtazama Inspekta, akingoja kuambiwa asimame.

Inspekta alirudisha ufunguo mfukoni, akavuta kiti cha karibu na mlango, akakaa.

"Mwambie," alisema.